Chuma na Mafuta

Palikuwa na mzee mmoja huko Marekani aliyekuwa na Ford Mustang ya mwaka 1965. Alikuwa ameitunza tangu ujana wake, walakini siku ilifika goti lake la kushoto likashindwa na klachi. Njia zilikuwa mbili: kuliuza gari au kuligeuza.

Katika gari hilo amri ya mguu husafiri kwa chuma. Pedali husukuma fimbo. Fimbo huzungusha mtaimbo ulioegemea injini upande mmoja na fremu upande wa pili. Mtaimbo husukuma uma wa klachi. Injini hutikisika juu ya mipira yake, na fremu haitikisiki pamoja nayo. Bushi hulika, mtaimbo hupinda, na amri hufika imepungua.

Mzee aliviondoa vyuma vile akaweka mafuta. Silinda moja ilifungwa mbele ya pedali, ya pili karibu na uma, na bomba likaziunganisha. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662: mkandamizo juu ya kimiminiko kilichofungwa huenea sawasawa pande zote. Bomba hupinda, injini hutikisika, na amri haipotei.

Lakini mafuta hayatoi zawadi. Silinda ya juu ikiwa na kipenyo cha robo tatu ya inchi na ya chini inchi moja, nguvu huongezeka karibu mara 1.8, na mwendo hupungua kwa kadiri ile ile. Atakaye wepesi kupita kiasi hupata klachi isiyoachia, na gia hulia. Bamba linalobeba silinda likiwa jembamba hunesa, basi sharti litiwe nguvu. Upepo kidogo ukisalia bombani, pedali hulegea kama sifongo. Hata springi kubwa iliyousaidia mguu zamani hapana budi iondolewe, maana yaweza kuizuia pedali isirudi.

Marafiki walimlaumu kwamba ameharibu nasaba ya gari. Lawama hiyo haikuwa ya upuuzi, kwa kuwa kitu cha kale ni ushahidi wa akili ya waliokiunda. Mzee hakubishana nao. Alivisafisha vyuma vya zamani, akavipaka grisi, akavitia sandukuni kwa ajili ya mrithi mwenye goti zima. Kisha akaketi nyuma ya usukani, akakanyaga klachi, akaondoka.