Miaka Tisa na Nusu kwa Kalamu Moja

Mpenzi msomaji, je, wewe ungekubali kufungwa na mwajiri mmoja kwa miaka tisa na nusu? Kabla hujanijibu, kumbuka kwamba Januari 2025 Erling Haaland, yule mshambulizi wa Manchester City kutoka Norway, alitia sahihi kandarasi ya muda huo. Itakwisha mwaka wa 2034, naye atakuwa anakaribia umri wa miaka 34, wakati ambapo washambulizi wengi huwa wametundika daluga. Na hakuna aliyemlazimisha.

Wengi wetu tunaotazama kabumbu kwenye runinga hudhani kandarasi ndefu ni zawadi kwa mchezaji. La hasha! Kisa chenyewe kina mizizi Ubelgiji. Mwaka wa 1990 kandarasi ya Jean-Marc Bosman na klabu ya RFC Liège ilifika kikomo, na klabu ikataka kumpunguzia mshahara hadi robo ya aliokuwa akipokea. Akapata klabu nyingine, Dunkerque ya Ufaransa, lakini uhamisho ukakwama kwa sababu ya ada. Zingatia hapo, msomaji. Kandarasi ilikuwa imekwisha, ila ruhusa ya kuondoka hakuwa nayo. Ni kama mpangaji aliyelipa kodi yake yote, kisha landilodi akazuia godoro langoni mpaka landilodi mpya amlipe!

Bosman alikwenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mchezaji raia wa nchi za Muungano wa Ulaya ambaye kandarasi yake imekwisha yuko huru kuhamia klabu ya nchi nyingine mwanachama bila ada yoyote. (Ushindi huo haukumtajirisha yeye mwenyewe. Waliokula matunda ni waliomfuata.)

Tangu siku hiyo vilabu vilikosa usingizi. Sol Campbell alitoka Tottenham mwaka wa 2001 akaenda kwa mahasimu wao wa mji mmoja, Arsenal, na Tottenham hawakupata hata senti. Mwaka wa 2024 Kylian Mbappé aliiacha Paris Saint-Germain vivyo hivyo na kujiunga na Real Madrid. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kutia sahihi kwingine kandarasi yake ikibakisha miezi sita. Ndiyo maana mchezaji akibakisha mwaka mmoja bei yake hushuka kama ya nyanya za jioni sokoni. Celtic walijua hesabu hiyo walipomuuza Victor Wanyama wetu kwa Southampton mwaka wa 2013 kwa pauni milioni 12.5, akiwa bado ana kandarasi nao. Wangengoja hadi ikwishe, wangemsindikiza kwa nyimbo tu.

Kuna na ujanja wa wahasibu. Januari 2023 Chelsea walimnunua kiungo Enzo Fernández kutoka Benfica kwa takriban pauni milioni 107, kandarasi ya miaka minane na nusu. Katika vitabu vya hesabu, gharama hiyo haiandikwi yote mwaka mmoja, bali hugawanywa kwa miaka ya kandarasi. Kwa minane na nusu ni kama milioni 12.6 kila mwaka. Kwa mitano ni zaidi ya milioni 21. Kwa klabu inayochunguzwa isitumie kuliko inavyochuma, hapo kuna nafuu kubwa. UEFA waliziba mwanya huo mwaka huo huo kwa kuamuru gharama isigawanywe zaidi ya miaka mitano, na vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vikafuata mwezi wa Desemba. Lakini wapi! Agosti 2024 Cole Palmer wa Chelsea aliongezewa kandarasi hadi 2033, kisha akaja huyo Haaland.

Basi mchezaji naye hupata nini? Hupata kulala usingizi. Goti likivunjika kesho, mshahara unaendelea. Kocha mpya asipompenda, mshahara unaendelea. Mholanzi Winston Bogarde alijiunga na Chelsea mwaka wa 2000 kwa miaka minne, na katika muda wote huo hakucheza hata mechi 20. Klabu ilitamani aondoke, yeye akaenda mazoezini na kupokea haki yake hadi 2004. Magazeti ya Uingereza yalimkejeli sana. Mimi niliyewahi kulipwa kwa makala, mwezi usio na makala ukawa mwezi wa mkopo dukani, siwezi kumlaumu.

Yote hayo niliyafikiria mwaka jana dada yangu aliponiletea karatasi. Mwanawe, kijana wa miaka 17, alikuwa ametakiwa na klabu moja ya hapa Nairobi. Kandarasi ya miaka mitano! Dada, ambaye huuza mitumba, alikuwa ameshaanza kupanga jinsi mdogo wa kijana atakavyolipiwa karo.

Niliisoma mara mbili. Kurasa mbili nzima zilieleza kijana asivyoweza kuondoka. Kuhusu mshahara, mstari mmoja: “huenda akalipwa kulingana na hali ya kifedha ya klabu.” Kuhusu matibabu, kimya.

“Mjomba,” kijana aliniambia, “Haaland ametia sahihi tisa na nusu. Mimi nitakataaje mitano?”

Nilimweleza kwamba kandarasi ya Haaland inaifunga klabu kama inavyomfunga yeye. Hii yake ilikuwa kamba yenye ncha moja. Tena kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa kandarasi ya kulipwa inayozidi miaka mitatu. Nikamwambia pia jambo ambalo wachezaji wetu wengi hawalijui: klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji aiandikie barua na kuipa siku 15. Zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja kandarasi. Sharti moja tu, mshahara uwe umeandikwa.

Alininunia siku tatu. Dada naye alisema kwa upole kwamba wasomi tuna mazoea ya kufukuza bahati ya watu. Hata hivyo aliirudisha karatasi bila sahihi, na kwa wiki mbili nyumba yao ilikuwa kama yenye matanga.

Kisha klabu ilileta nyingine. Miaka miwili, mshahara kwa tarakimu, na kifungu cha matibabu. Safari hii kijana aliisoma mwenyewe mezani kwa sauti, mstari kwa mstari, mama yake akimkatiza kila alipodhani amesikia neno “huenda”.