Karakana ya nyumbani, na jinsi nilivyokaribia kuichoma

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na safari hii kisingizio si kazi ya ofisi. Nimekuwa nikijenga karakana. Msidhani ni karakana ya magari. Ni meza moja, jiliwa moja, taa ya kuning'inia, na ndoo mbili za mchanga. Habari ya ndoo nitaieleza baadaye, kwa sababu ndizo zilizochelewa kufika.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Nina mwenzangu wa kazi anayeishi Marekani, tunaandika programu pamoja na kuonana kwa video kila Jumatatu. Siku moja aliketi katika gereji yake badala ya chumba cha kawaida, nikaona nyuma yake meza nzito iliyofungiwa mashine yenye mkono mrefu. Nikamuuliza unakamulia nini hapo, machungwa? Akacheka. Alikuwa anajaza risasi upya. Huokota maganda yake ya shaba akitoka kulenga shabaha, huyasafisha, huyarudishia umbo, hutia fataki mpya, hupima baruti kwenye mizani ndogo, kisha hukandamiza kichwa cha risasi juu yake. Kila fungu analojaza huliandikia mstari katika daftari. Baruti ya aina moja tu mezani. Hakuna redio. Akiitwa chakula katikati ya kupima, akirudi huimwaga yote na kuanza upya.

Kwetu jambo hilo hata halifikiriki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kujitengenezea risasi nyumbani bila leseni. Na tuache sheria kando kwanza. Ukitamka neno risasi mbele ya wazee wa Meru na Embu, sauti hushuka. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, kupatikana na silaha au risasi kuliweza kukupeleka kitanzini. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na kosa aliloshtakiwa mahakamani lilikuwa kumiliki bastola na risasi. Marehemu babu yangu alikuwa akitusimulia bunduki za msituni zilizoundwa kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tyubu. Alisema hakuna aliyejua kama itamuumiza adui au aliyeishika.

Lakini ile meza ilinikaa kichwani. Kilichonivutia hakikuwa risasi, bali kile kitu kilichokwisha kutumika, ambacho mtu mwingine angekitupa, na huyu mtu anakirudishia kazi kwa kupima na kuandika. Nikajiuliza, mimi nina maganda gani? Nikainama chini ya kitanda. Betri tatu za laptopu, zote zimekufa, zote nimeshindwa kuzitupa.

Hapa lazima niseme habari ya stima. Ninaishi Embu mjini. Ukiteremka kutoka hapa kuelekea Mto Tana unafika kwenye yale mabwawa makubwa ya umeme: Kindaruma linazalisha tangu 1968, Kamburu tangu 1974, na Gitaru peke yake lina uwezo wa megawati 225. Ni kama kuishi jirani na kisima. Na bado, mvua ikinyesha kwa nguvu au mti ukiangukia waya, tunakaa gizani kama watu wengine wote. Mwezi wa Machi stima ilipotea nikiwa katikati ya kuhamisha hifadhidata ya mteja. Laptopu ilikuwa na chaji, lakini ruta ilizima, na muunganisho ukakatika nusu ya safari. Usiku ule mzima nilikuwa naunganisha vipande.

Basi nikafungua betri ya kwanza. Kama hujawahi kuona ndani ya betri ya laptopu ya zamani, ni seli sita za mviringo, zimepangwa mbilimbili. Kila seli ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndiyo sababu huitwa 18650. Zikiwa katika mfuatano, jozi moja ikichoka, saketi ya ulinzi hufunga betri yote, nasi husema imekufa. Kumbe mara nyingi nne kati ya sita zingali hai. Seli nzima hujaa kwa volti 4.2, na haifai kushuka chini ya volti 2.5 hivi. Multimita ya bei ya chini inatosha kukuonyesha ni ipi inapumua.

Betri tatu hazitoshi kitu. Nilipokwenda nyumbani Meru nikapitia kwa fundi mmoja mjini ambaye hutengeneza laptopu. Alikuwa na gunia zima. "Injinia, hizi ni taka," akaniambia, kisha aliponiona nazitamani akazipandisha bei hadi shilingi mia kila moja. Nilinunua kumi na moja. Nikazifungia katika kasha la mbao, vituo vyote nimevibandika utepe ili visigusane, nikalipakata kwenye matatu kupitia Chuka na Runyenjes. Kondakta alitaka nilitie kwenye buti. Nilikataa, na sikumwambia kwa nini.

Meza ni ya baba. Baba alikuwa seremala kule Nkubu, na meza yake ya kazi aliichonga mwenyewe kwa mbao za muuru, ule mti wetu ambao vitabu vya misitu huuita mwaloni wa Meru. Tangu afariki meza ilikuwa stoo ikibeba magunia ya mahindi. Mama alinipa kwa sharti moja, nisiikate miguu. Kuisafirisha hadi Embu kulinigharimu zaidi ya betri zote, na watu wanne walihitajika kuishusha. Niliiweka kwenye kona ya sebule, chini ya dirisha. Nikafunga jiliwa upande wa kushoto, ambako tayari kulikuwa na matundu ya jiliwa la baba.

Kazi yenyewe ni ya polepole kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo nilipomwelewa yule mwenzangu na daftari lake. Unatoa seli, unakata vipande vya nikeli bila kugusisha koleo pande zote mbili (nilifanya hivyo mara moja, ncha ya koleo ikayeyuka). Unaipa namba kwa kalamu. Unapima volti ulivyoikuta. Unaichaji kwa upole hadi 4.2, unaiacha, unapima tena, kisha unaimaliza kwenye mashine inayohesabu uwezo wake. Seli iliyotoka kiwandani na miliampia-saa 2200 nikiikuta na 1600 naipokea. Chini ya hapo naiweka kando. Nilikuwa na lahajedwali, kisha kama kawaida ya watu wa kazi yetu nikaandika skripti ya Python ya kupanga seli katika makundi yenye uwezo unaolingana. Siku mbili kwa skripti, jambo ambalo kwa kalamu lingechukua dakika ishirini. Msinihukumu.

Sasa ndoo za mchanga.

Seli namba 31 niliikuta na volti 1.4. Nilikuwa nimesoma, na nilijua. Seli ya lithiamu ikishuka kiasi hicho na kukaa hivyo kwa miezi, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo huganda mahali isipotakiwa, kama daraja dogo kati ya pande mbili ambazo hazipaswi kukutana. Kanuni ni kuitupa. Lakini namba 30 na 32 zilitoka katika betri hiyohiyo na zilikuwa nzuri sana, na mimi nilihitaji kumi na nane ili nipate safu tatu za seli sita. Nilikuwa na kumi na saba. Nikaiweka kwenye chaja. Ilipokea. Ikapanda hadi 3, ikapanda hadi 3.6. Nikafurahi, nikaenda kulala.

Saa tisa usiku binti yangu wa miaka minane alisimama mlangoni. "Baba, kuna harufu kama ya rangi ya kucha."

Sikukimbia vizuri. Nilijigonga kwenye kochi. Seli ilikuwa bado kwenye chaja, plastiki yake ya nje imekunjamana, na mbao za muuru chini yake zimeanza kubadilika rangi. Ndani ya seli kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha pande mbili, na huyeyuka joto likifika kama nyuzi 130. Baada ya hapo hakuna swichi ya kuzima. Niling'oa waya, nikaikamata kwa koleo la jikoni, nikafungua mlango kwa kiwiko na kuitupa uani. Ilitoa sauti ya mluzi, ikatema moshi, halafu ndimi za moto kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Nilisimama pale na koleo, miguu mitupu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni mwake, akawaangalia wote wawili, yaani mimi na ile seli, kwa jicho moja.

Hakusema neno hadi asubuhi. Asubuhi alisema, "Hiyo meza inatoka."

Ilitoka. Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha mawe kilichokuwa cha kuku. Nilikipiga lipu, nikaweka mlango wa bati, nikaifunika meza ya baba kwa vigae vya sakafu vilivyobaki mahali fulani. Doa jeusi la seli 31 liko chini ya kigae cha tatu kutoka kushoto. Ndoo mbili za mchanga ziko karibu na mlango, si karibu na meza, kwa sababu utakuwa unakimbia kuelekea mlangoni. Saa ya kukata chaji imewekwa saa mbili usiku. Baada ya hapo hakuna kinachochaji. Na seli yoyote ninayoikuta chini ya volti 2 inaingia kwenye debe la kwenda kwa wanaokusanya taka za kielektroniki Nairobi, hata kama nimebakiza moja tu kumaliza safu.

Kifurushi cha kwanza kilikamilika mwezi uliofuata: seli kumi na nane, kila moja na fyuzi yake, saketi ya ulinzi juu, ndani ya kasha la chuma. Kina kama wati-saa 120, zaidi ya zile 100 ambazo mashirika ya ndege hukuruhusu kubeba bila kuomba kibali. Ruta yangu inakaa juu yake saa kumi bila wasiwasi. Stima imepotea mara nyingi tangu hapo, na hakuna mteja aliyejua.

Kisha mama akasikia.

Alinipigia simu akiwa na mahesabu kamili. Taa tatu, redio, na simu. Taa ya mafuta inamuumiza macho, na mwana wa jirani amewekewa sola na mashirika, sasa yeye ana mtoto injinia na anakaa gizani? Nilimwambia naam mama, nitakutengenezea. Nilikuwa na seli za kutosha, zote zimepimwa na kupangwa. Ilikuwa kazi ya Jumamosi moja.

Lakini nilipokaa mezani Jumamosi hiyo sikuweza kuanza. Mama anaishi peke yake. Kasha lingekaa chumbani kwake, maana sebuleni anaogopa wezi. Huku Embu kulikuwa na mtoto mwenye pua kali na baba mwenye koleo. Kule Nkubu saa tisa usiku nani atanusa?

Kuna jaribio ambalo kwa kifurushi changu nilikuwa nimelipuuza, kwa sababu halina chochote cha kufanya. Unazijaza seli zote hadi 4.2, unaandika tarehe, unaziacha kwenye rafu mwezi mzima bila kuzigusa, kisha unapima tena. Seli nzima hupoteza kidogo sana. Ile yenye kasoro ndani hushuka yenyewe, taratibu, ingawa uwezo wake ulipopimwa ulionekana mzuri. Skripti yangu yote haikuwa na safu ya hiyo tarehe ya pili. Nikaiongeza. Nikachagua seli ishirini na nne, nikazipanga kwenye rafu ya chuma, nikafunga mlango wa bati.

Mama hakufurahi. Kila Jumapili alipiga. "Hiyo betri inalelewa kama mtoto?" Nikamwambia karibu hivyo. Jumapili ya tatu aliniambia baba yako alikuwa akitengeneza kitanda kwa siku nne.

Siku ya thelathini nilizipima zote. Ishirini na mbili zilikuwa kati ya 4.16 na 4.19. Namba 12 ilikuwa 4.05. Namba 47, ambayo kwenye orodha yangu ya uwezo ilikuwa ya pili kwa ubora, na ambayo bila shaka ingeingia katika kasha la mama ile Jumamosi ya kwanza, ilikuwa 3.71.

Nilitoka nikampigia. Nikamwambia nitapanda matatu ya asubuhi Ijumaa, na kasha litakaa jikoni kwenye sakafu ya saruji, si chumbani, na nitalifunga kwa mnyororo kama ni wezi anaowaogopa. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza kama meza ya baba bado ina miguu yote minne.