Kompyuta Mpya na Folda Isiyofunguka

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kisa cha ofisi moja ya upimaji ardhi hapa Kitengela, na kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe mwaka 2014.

Anayeijua Kitengela anajua kwamba biashara kubwa ya hapa ni ploti. Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela igawanywe mwaka 1988, ardhi imekatwa ikakatwa tena hadi kufikia vipande vya futi 50 kwa 100, yaani karibu thumni ya eka. Kila mkato una ramani yake, na karatasi nyingi mwishowe huelekea Kajiado mjini, kwa Barabara ya Namanga kupitia Isinya. Ofisi ninayoizungumzia ina watu wanne. Ramani zao zote hukaa kwenye kompyuta kuukuu ya Windows 7 tuliyoibatiza jina MZEE, na wengine hufungua folda yake kupitia mtandao wa ofisi.

Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye ofisi alinunua kompyuta mpya ya Windows 11 Pro. Siku ya pili nikapigiwa simu asubuhi na mapema. "Fundi, hii mashine yako haioni ramani," akasema dada wa ofisi, "na mzee anatakiwa Kajiado kabla ya saa sita."

Nilipofika sikugusa mtandao kwanza. Nilikwenda kwa MZEE, nikanakili faili ya mteja kwenye flashi, nikaichapisha, na mwenye ofisi akashika njia. Hilo ni somo la kwanza, ndugu msomaji: ondoa haraka mezani, ndipo utafute ugonjwa. Nilijiona mjanja kweli.

Kisha nikaanza kama kawaida. Kebo? Iko sawa. Ruta? Taa zinawaka. Nikaipigia anwani ya IP ya MZEE pingi, akajibu bila kusita. Laptopu ya Windows 10 iliyokuwa pembeni ilifungua folda ileile bila shida. Basi mtandao ulikuwa mzima na MZEE alikuwa mzima. Aliyekataa ni mgeni peke yake. Nilipobonyeza folda kwenye kompyuta mpya, ikanijibu kwamba sera za usalama za shirika langu zinazuia mgeni asiyejitambulisha.

Dada akaisoma begani mwangu. "Sera gani? Sisi watu wanne tuna sera? Fundi, ni wewe umetuwekea?"

Nikacheka, lakini jibu lilikuwa nusu ndiyo. Mwaka 2014, kwa kuchoka kuulizwa neno la siri kila wiki, nilizima ulinzi wa neno la siri kwa MZEE na kuiacha folda wazi kwa kila mtu, asome na aandike. Windows za wakati huo zilikubali kuingia kama mgeni na maisha yakaendelea. Toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, lililotoka Oktoba 2024, lilibadilisha mambo kwa wenye Pro: kuingia kama mgeni kumezimwa, na kila mazungumzo ya faili yanayotumia itifaki ya SMB lazima yawe na sahihi ya kidijitali. Sahihi hiyo hutengenezwa kutokana na neno la siri. Mgeni hana neno la siri, kwa hiyo hana cha kutia sahihi.

Dawa ya mkato ipo, na niliijua: unabadilisha mpangilio mmoja au miwili, na kompyuta mpya inakubali wageni kama zamani. Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi. Hapo simu ikalia kutoka Kajiado.

Ramani ya kwenye flashi ilikuwa ya zamani! Jioni iliyotangulia, dada alikuwa amesahihisha mpaka mmoja kwenye kompyuta mpya, na kwa kuwa folda ilimkatalia, akaihifadhi kwenye deskitopu. Sasa ploti moja ilikuwa na ramani mbili, na mwenye ofisi amesimama mbele ya mteja na ile yenye makosa. Tuliituma ile sahihi kwa barua pepe, akaichapisha hukohuko, jambo likaponea chupuchupu. Ujanja wangu wa flashi ndio uliotaka kutuaibisha.

Nilipokaa tena nikatulia. Nikajiuliza: kama MZEE hamjui anayeingia, ni nani mwingine anaingia? Neno la siri la Wi-Fi limebandikwa ukutani kwa ajili ya wateja wanaongoja. Nikachukua simu yangu, nikaingia kwa Wi-Fi hiyo kama mteja yeyote, nikafungua programu ya faili. Sekunde chache tu, mbele yangu kukawa na nakala za vitambulisho na hatimiliki za miaka kumi na zaidi. Ningeweza hata kuzifuta. Jasho lilinitoka. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, watu walituamini na ardhi yao.

Wengine mtakumbuka WannaCry, Mei 2017, ilivyopenya kupitia SMB ya toleo la kwanza na kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza, ingawa kiraka kilitolewa Machi mwaka huohuo.

Basi nikafanya ilivyopasa. Kwa MZEE nilitengeneza akaunti moja kwa kila mtu, nikamwondoa "kila mtu" kwenye ruhusa za folda, nikarudisha ulinzi wa neno la siri. Kwenye kompyuta mpya niliandika jina kwa ukamilifu, yaani MZEE, mkwaju wa kurudi nyuma, kisha jina la akaunti. Ukiandika jina tupu, huenda Windows ikadhani ni akaunti ya mashine yako. Na PIN unayofungulia kompyuta haitakusaidia hapa. Hiyo ni ya mashine hiyo peke yake. Dada alijaribu PIN mara tatu kabla sijamwambia.

Folda ikafunguka. Laptopu ya zamani nayo ikagoma papo hapo, kama nilivyotarajia, mpaka ilipopewa neno lake.

Mwenye ofisi aliporudi nilimweleza yote, pamoja na kosa langu la 2014. Alinyamaza kidogo, kisha akainuka na kubandua karatasi ya Wi-Fi ukutani. Tumekubaliana wateja watapata mtandao wao wa pembeni, na MZEE, ambaye Windows 7 yake iliachwa Januari 2020, atastaafu.

Kesho ukifika kazini, jaribu hivi: ingia Wi-Fi ya ofisi kwa simu yako, kisha tafuta folda za pamoja. Ikifunguka bila kukuuliza wewe ni nani, usifurahi. Kwaherini kwa sasa.