Waya wa Kinanda

Desturi ya watu ni kustaajabia kikubwa na kupuuza kidogo. Mtu aingiapo katika chumba cha kurekodia muziki, Temeke au Kinondoni, hutazama kinanda, akatazama kompyuta na spika. Waya mwembamba uliolala sakafuni hauoni, na akiuona ni pale unapomkwaza. Walakini bila ya waya huo kinanda ni bubu mbele ya kompyuta, na kompyuta ni kiziwi mbele ya kinanda.

Kijana mmoja wa Mbagala alilijua jambo hili kwa taabu. Alidunduliza fedha miezi mingi, akanunua kinanda cha umeme kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kisha akaenda Kariakoo kununua waya. Usiku ule alichomeka ncha moja katika kinanda na ya pili katika kompyuta, akafungua programu ya kurekodia, akabonyeza. Alama ndogo iliwaka juu ya kioo kila alipobonyeza, lakini spika zilikaa kimya. Alidhani ameuziwa waya mbovu, akalala na hasira juu ya mwenye duka asiyekuwa na hatia.

Kosa lilikuwa katika matazamio yake. Alitazamia sauti, na waya wa namna ile hauleti sauti hata kidogo, huleta habari. Kidole kinapobonyeza, kinanda hupeleka taarifa ya mambo machache: ni kibonye gani kilichobonyezwa, kimebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, na kimeachwa wakati gani. Kila noti ina namba yake, na do ya katikati ni 60. Nguvu ya kidole nayo hupimwa kutoka 1 mpaka 127. Habari hizo ni kama barua. Barua haina sauti; sauti ni ya yule aisomaye. Hapana budi programu ichaguliwe ala ya kuisoma, iwe piano, fidla au ngoma, ndipo spika zitakaposema. Na kama mtu anataka sauti ya kinanda chenyewe, yampasa kutumia waya mwingine, utokao katika tundu la hedifoni la kinanda na kuingia katika tundu la kompyuta la kupokelea sauti.

Lugha ya habari hizo huitwa MIDI. Kabla yake vinanda vya kampuni moja aghalabu havikusikilizana na vya kampuni nyingine. Mnamo Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko Anaheim, Marekani, kinanda cha Sequential Circuits ya Marekani kiliunganishwa na kinanda cha Roland ya Japani. Mtu alipopiga kimoja, cha pili kikaitika. Waya wa wakati ule ulikuwa na kichwa cha duara chenye pini tano, na wa siku hizi aghalabu ni wa USB, lakini lugha ipitayo ndani yake haikubadilika sana.

Kijana alipojua hayo alichagua piano, na sauti ikatoka, lakini ilichelewa. Kidole kilitangulia, sauti ikafuata nyuma kama mwangwi. Sababu yake ni kwamba kompyuta hukusanya vipande vya sauti fungu zima kabla ya kuvitoa. Ikiwa sekunde moja ina vipande 44,100, fungu la vipande 1,024 huchelewesha sauti kwa milisekunde 23 hivi, na sikio la mpigaji huliona pengo hilo. Alipunguza fungu mpaka 128, sauti ikaanza kukwaruza kwa kuwa kompyuta yake ilielemewa. Alilipandisha mpaka 256, na hapo vidole na masikio vikapatana.

Anayedhani kuwa haya ni mambo madogo na akumbuke yaliyotangulia. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi iliyotaka kurekodiwa ilikwenda Redio Tanzania Dar es Salaam. Wapigaji walipiga pamoja, na mmoja akikosea, wote walirudia. Baadaye vijana wa uswahilini, wasiokuwa na magitaa wala studio, walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavipigisha kwa spika zilizochoka, na mchiriku ukavuma. Kundi moja la muziki huo, Jagwa Music, lilitoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012 kwa Crammed Discs ya Ubelgiji. Kisha ikaja singeli, iliyopikwa ndani ya kompyuta na yenye mbio za mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Na mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso, ya Mburahati, zilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes. Mlango uliokuwa mmoja umekuwa mingi.

Lakini urahisi huja na mtihani wake. Kijana yule alikuwa na mjomba aliyepiga kinanda cha taarabu katika harusi za Temeke kwa miaka mingi. Alimwalika apige, na mzee akapiga wimbo mzima bila kukatiza. Alipoondoka, kijana alitazama kioo akaona noti nyingi zimekaa nje ya mistari ya mapigo. Aliona haya kwa niaba ya mjomba wake, akatoa amri ya kuzinyoosha, na noti zote zikakaa juu ya mistari kama askari gwarideni.

Kesho yake mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Huyu ni nani?”

“Ni wewe, mjomba.”

“Mimi sipigi hivi, mwanangu. Mimi humngoja mwimbaji avute pumzi.”

Kijana aliirudisha rekodi ya kwanza, wakasikiliza pamoja. Kila mahali kompyuta ilipoona uchelewaji palikuwa na pumzi ya mwimbaji ambaye siku ile hakuwapo chumbani, naye mzee alikuwa akimngoja kwa mazoea ya miaka mingi. Waya ulikuwa umeleta kila kitu kwa uaminifu, hata ngojeo lile. Aliyelifuta ni mtu, kwa kudhani kwamba anatengeneza.

Hii si hoja ya kuilaumu amri ya kunyoosha. Singeli isiponyooka huanguka, na kijana aliendelea kuitumia katika nyimbo zake mwenyewe. Lakini mashine hupima umbali wa noti na mstari tu. Haijui kama mpigaji amekosea au amemngoja mwenziwe. Kulijua hilo ni kazi ya asikilizaye, na tangu siku ile kijana hakunyoosha wimbo wa mtu kabla ya kumwuliza.