Mkonga mpya, kona za Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei, ila kona hazihesabiki. Familia moja ilipanda huko na Land Cruiser waliyonunua karibuni, lile gari watu wanaloliita mkonga. Lami haikulipa kazi. Kwenye udongo wa kuelekea Mtae, juu ya tambarare za Mkomazi, utelezi haukulisumbua pia. Shida ilikuwa nyuma: mabenchi ya ubavuni, watoto wakitazamana bila mkanda. Mdogo alitapika hata kabla ya Soni. Gari gumu (na bei yake!) halimshiki mtoto breki ikikanyagwa ghafla. Baba ameagiza viti vya kutazama mbele, vyenye mikanda. Mpaka fundi avifunge, mama amesema watoto hawapandi.