Hesabu za Watoto Wetu: Hata Mzazi Asiyesoma Anaweza Kusaidia



Ndugu wazazi na wanafunzi, sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Ama ba'ad. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloleta huzuni majumbani kila mwisho wa muhula, nalo ni somo la hesabu kuanzia darasa la saba na kuendelea. Sisi ni walimu na wazazi wachache, wengine Gitega na wengine Muyinga, tunaokaa na wanafunzi Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Haya tunayoyaandika tumeyaona kwenye madaftari yao.

Mtoto anayefeli hesabu mara nyingi anajua kuhesabu. Muyinga tunaye binti wa darasa la nane ambaye humsaidia mama yake kuuza mchele na maharage sokoni. Mteja akitaka kilo mbili na robo kwa faranga 4,000 kilo, akatoa noti ya 10,000, binti anamrudishia 1,000 kabla mteja hajafunga mfuko wake. Lakini mtihani wa shule alipata alama 3 kwa 20. Baba yake akaanza kusema kwamba bora akae moja kwa moja kwenye meza ya mchele, maana shule "haimtaki".

Tulichukua swali moja alilokosa. Mfanyabiashara ameuza sehemu mbili kwa tano za kitambaa chake, kisha akauza theluthi ya kilichobaki, akabakiwa na mita 24. Kitambaa chote kilikuwa mita ngapi? Tulipomsomea kwa Kiswahili alichora mstari, akaugawa vipande vitano, akafuta viwili, akafuta kimoja katika vitatu vilivyobaki, akasema: viwili ni mita 24, basi kimoja ni 12, na vyote ni 60. Hakuandika hata x. Kwenye karatasi ya shule alichukua theluthi ya kitambaa chote, kwa sababu maneno "le tiers du reste" hakuyaelewa. Maneno mawili ya mwisho tu, "du reste", yalimwangusha.

Basi tazameni mzigo wa huyu mtoto. Nyumbani ni Kiswahili, kwa jirani ni Kirundi, madrasa ni herufi za Kiarabu. Shuleni madarasa ya mwanzo hufundishwa kwa Kirundi, kisha huko juu Kifaransa ndicho kinachotawala. Saba ni indwi, nane ni umunani, tisa ni icenda. Mwalimu wetu husema septante na nonante kama Wabelgiji walivyotuachia, lakini mtoto akifungua kitabu kilichochapwa Ufaransa anakuta soixante-dix, anasimama kuhesabu 60 na 10 wakati wenzake wamekwishafika mstari wa tatu. Neno "produit" analijua dukani kuwa ni bidhaa, kwenye hesabu likawa ni jibu la kuzidisha. Na lile "soit x" linaloanza kila swali, wengi hawajawahi kuambiwa kwamba maana yake ni "tuseme x ni".

Kwa hiyo tumewaambia wanafunzi wawe na daftari dogo la safu tatu: neno la Kifaransa, neno la Kirundi au la Kiswahili, na mfano wa namba. Hakuna zaidi ya hapo. Binti huyu sasa ana kurasa kumi na moja. Alama zake za mwisho zilikuwa 9, bado si za kufurahisha, na mtihani wa taifa wa darasa la tisa unamsubiri mwakani. Baba yake amekubali kungoja mtihani huo kabla ya kuamua.

Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuogopa shule. Misheni ya Muyaga ilifunguliwa mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, na kwa miaka mingi shule zilikuwa mikononi mwa mapadri. Muislamu aliyempeleka mwanawe alihofia atarudi amebatizwa. Basi wakashika biashara, udereva na ufundi, wakalea familia zao kwa halali, Allaah awalipe kheri. Lakini hofu ile imeacha usemi ambao bado tunausikia vibarazani, kwamba hesabu si mambo ya watu wetu. Usemi huo tunaukataa kabisa. Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala 813 hadi 833, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maswali ya wasia na mirathi. Ile aljebra inayowaliza watoto wetu ina jina la kitabu hicho.

Na mirathi ndiyo mwalimu bora tuliyempata. Nusu, robo, thumni, theluthi: maneno haya mtoto wa Kiswahili anayo tayari mdomoni. Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na faranga 4,800,000 baada ya madeni na wasia. Mke ana thumni, yaani 600,000. Zimebaki 4,200,000, na fungu la mwana ni mara mbili ya fungu la binti. Andikeni 2x + x + x = 4,200,000. Kila binti anapata 1,050,000 na kijana 2,100,000. Mwanafunzi akimaliza hapo amefanya mlinganyo wa shule na ameielewa hukumu ya Suratun Nisaa kwa pamoja.

Gitega vijana wakubwa walilalamika kwamba pembe na tanjenti hazina kazi. Tuliwapa kibla. Kutoka Gitega, na Muyinga karibu vile vile, Makka iko kama digrii 21 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Tanjenti ya 21 ni karibu 0.38. Basi pimeni sentimita 100 kwenda kaskazini, kisha 38 kwenda mashariki, mvute kamba kutoka mlipoanzia. Atakaye kuhakikisha angoje tarehe 28 Mei, saa 5 na dakika 18 asubuhi kwa saa zetu, jua linapokuwa juu ya Al-Ka'aba: kivuli cha fimbo iliyosimama wima huelekea kinyume na kibla. Walibishana jioni nzima, na hatukuwazuia.

Sasa mama asiyejua Kifaransa afanye nini? Amwambie mtoto: "Nieleze mwanangu, umeulizwa nini?" Asitake jibu kwanza. Mtoto akishindwa kueleza swali kwa lugha ya nyumbani, hajalielewa, na hapo ndipo pa kurudi. Nusu saa baada ya Alfajiri, kichwa kikiwa kimepoa, inatosha kuliko saa mbili za usiku ambapo umeme huenda ukakatika. Simu siku hizi hutoa jibu zima ukiipiga picha swali. Sisi hatuikatazi, ila mtoto aifungue baada ya kujaribu mwenyewe, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani haitaingia.

Na hili ni la nyumbani kwa wiki hii. Mwanamke amefariki, hana mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wawili wana theluthi mbili. Jumlisheni mafungu hayo muone yanavyozidi moja. Inasimuliwa kwamba suala hili lilimfikia Sayyidna 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) naye akawashauri Maswahaba. Watoto watafute kila mmoja apate ngapi katika faranga 4,200,000, kisha waje nalo Jumamosi, in shaa Allaah.