Ribiti Iliyopinda

Mama wa nyumba huko Bweyeye, ukingoni mwa msitu wa Nyungwe katika wilaya ya Rusizi, mkono wa sufuria yake ukilegea humpelekea fundi. Fundi huing'oa ribiti kuukuu, hutia mpya, huigonga kwa nyundo mara tatu au nne, na kazi imekwisha. Ribiti ikipinda, hapana hasara kubwa. Maharage yataiva vilevile. Lakini ufundi huo huo wa kushikanisha mabati kwa kijiti kifupi cha madini ndio unaoshikilia mabati ya ndege nyingi zipaazo angani. Huko juu, ribiti iliyopinda si jambo la sufuria tena, bali ni jambo la uhai na mauti.

Wako watu wajijengeao ndege nyumbani. Katika Marekani desturi hiyo imeenea, na wengi hununua mabati ya aluminiamu yaliyokwisha kukatwa, kisha huyaunganisha kwa miaka kadhaa. Afrika Mashariki nayo haikukosa wenye moyo huo: mnamo mwaka 2011 Chris Nsamba na wenzake walikuwa wakiunda ndege katika ua wa nyumba ya mama yake huko Ntinda, Kampala. Ndege ndogo ya mabati huwa na ribiti maelfu kwa maelfu, na hapana mkono wa binadamu upigao maelfu bila kukosea. Basi swali si kama mjenzi atakosea, bali ni atafanya nini akishakosea.

Mjenzi mwenye busara hatangulizi nyundo, hutanguliza kipimo. Ribiti yenye kipenyo cha milimita 3.2, ikipigwa sawasawa, upande wake wa pili hufura hata kufikia upana wa milimita 4.8 hivi, na kimo cha milimita 1.6. Iliyofura kidogo mno yaweza kuongezwa pigo. Iliyolala upande, iliyopasuka, au iliyoacha mwanya kati ya mabati mawili, hiyo yafaa itolewe.

Kuitoa nako kuna adabu yake. Alama huwekwa katikati kabisa ya kichwa, kisha keekee hutoboa polepole, kina kisizidi unene wa kichwa chenyewe. Ndipo kijiti cha chuma huingizwa katika tundu hilo na kuinamishwa, na kichwa hukatika. Mwisho shina hugongwa taratibu litoke, huku bati likiegemezwa kwa nyuma juu ya kipande cha mti chenye tundu, lisije likabonyea.

Hapo ndipo haraka humponza mtu. Keekee ikiteleza, tundu huwa pana au huchukua umbo la yai. Dawa yake ni ribiti nene zaidi, ya milimita 4 hivi. Lakini ribiti nene huhitaji nafasi. Kwa desturi ya kazi hiyo, toka katikati ya tundu hata ukingo wa bati pasipungue mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Kila tengenezo hula bati, na bati lililoliwa halirudi. Kwa hiyo wazoefu hufundisha neno ambalo mwanagenzi hulisikia kwa mashaka: ribiti yenye kasoro ndogo, maadamu ingali ndani ya vipimo, na iachwe. Atakaye kuing'oa kwa ajili ya uzuri wa macho tu aweza kuharibu kilicho kizima.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini ufa ulioziba vibaya huua kwa siri. Mnamo tarehe 2 Juni, 1978, ndege kubwa ya shirika la Japan Airlines iligusa ardhi kwa mkia ilipokuwa ikitua Osaka. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ukatengenezwa. Bamba la kuungia, ambalo lilipasa kuwa moja zima, likawekwa vipande viwili, hata mzigo ukabebwa na safu moja ya ribiti mahali palipohitaji safu mbili. Kwa macho kazi ilionekana njema, na ndege ikaruka zaidi ya mara 12,000. Tarehe 12 Agosti, 1985, ukuta ule ukapasuka angani. Kati ya watu 524 waliokuwamo, walisalimika wanne tu.

Ndugu msomaji, askari aliyekwisha kukaguliwa silaha yake anaelewa jambo hili bila kuhubiriwa. Kasoro inayoonekana si adui mkubwa, kwa kuwa yaweza kupimwa na kuamuliwa. Adui ni ile iliyofunikwa. Kwa sababu hiyo mjenzi mwaminifu huandika katika daftari kila ribiti aliyoing'oa, na pale ajuapo mwisho wa ujuzi wake, humwita mkaguzi kabla bati halijafungwa na nafasi ya kutazama ndani haijapotea. Rangi huificha ribiti, haiongezi nguvu yake. Na siku ya kuruka, kiti cha pili huenda kikakaliwa na mke wake, au mtoto wake, ambaye hakuwahi kuiona ribiti hata moja, bali ameuamini mkono ulioipiga.